Mashine za mtindi zisubiri: jibu kwa katibu wa ushirika wa maziwa wa Wete

Swali: "Asalamu alaykum. Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika Wilaya ya Wete, Pemba. Tuko wanachama 64. Wakati wa masika tunapokea hadi lita 420 kila asubuhi, lakini kaskazi ikikaza hazizidi 150. Maziwa ya jioni hatuyapokei kwa sababu yakilala yanakatika, na hata ya asubuhi hatukosi kumwaga kiasi. Chama kinamlipa mwanachama shilingi 1,400 kwa lita na kinauza kwa mikahawa na taasisi kwa 1,900, lakini malipo ya mwanachama huchelewa hata wiki tatu. Jirani humpa mfugaji 2,000 mkononi, basi wengi hupeleka huko yaliyo mazuri na kutuletea yanayobaki. Sasa tumepata nafasi ya mkopo wa shilingi milioni 90 wa kununua mashine za kutengeneza na kufungasha mtindi, zenye uwezo wa lita 1,000 kwa siku. Baadhi yetu wanasema tukiwa na bidhaa yetu wanachama watarudi wenyewe. Wengine wanasema kwanza tuwafukuze wanaouza nje. Njia ipi ni ya sawa?"

Waalaykumu salaam, Katibu. Ndani ya swali lako mna maswali mawili yaliyofungamana. La kwanza ni la mkopo. La pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni kwa nini mfugaji ambaye chama ni chake mwenyewe hakiamini kiasi cha kukipa maziwa yake mazuri. Nakutangulizia jibu ili usilitafute: milioni 90 msizichukue mwaka huu, na asifukuzwe mtu. Fedha ya mwanzo mtakayoipata iende katika kumlipa mwanachama kwa wakati, itakayofuata iende katika kupoza maziwa, na ya tatu katika chakula cha ng'ombe cha kiangazi.

Tuanze na hesabu ya mkopo. Tuseme mnaulipa kwa miaka mitano, na tuseme kwa hisani kwamba mkopeshaji hataki faida yoyote. Hiyo ni milioni 18 kwa mwaka, milioni moja na nusu kwa mwezi, yaani shilingi 50,000 kila siku ya Mungu, ng'ombe wakame wasikame. Mashine zikijaa lita 1,000, mzigo huo ni shilingi 50 kwa lita na hakuna atakayeuhisi. Kwa lita 420 za masika unafika 119. Kwa lita 150 za kaskazi unafika 333, na tofauti yenu yote baina ya kununua na kuuza ni 500, kwa hiyo theluthi mbili yake imeshaliwa kabla hamjalipa umeme, vifungashio, kimea cha mtindi (vijidudu vya kugandishia maziwa) na mshahara wa fundi. Ni kweli kwamba lita ya mtindi huuzwa ghali kuliko lita ya maziwa mabichi, na hilo ndilo linalowavuta watu wengi, lakini ziada ile ya bei humezwa kwa sehemu kubwa na kifungashio na usafirishaji, na mashine inayofanya kazi kwa asilimia 15 ya uwezo wake haijapata kumtajirisha mtu.

Dhana ya pili ninayotaka kuirekebisha ni ile inayosema kwamba kiwanda huvuta maziwa. Mfano unaotajwa siku zote ni wa Amul ya India, na wanaoutaja mara nyingi huanzia mwisho wa hadithi. Umoja wa wafugaji wa wilaya ya Kaira, ambao ndio wenye jina hilo la Amul na makao yake ni mji wa Anand huko Gujarat, uliandikishwa tarehe 14 Disemba 1946 baada ya wafugaji kugoma kumuuzia mnunuzi mmoja aliyekuwa ameshika soko lote la maziwa yaliyokwenda Bombay. Ulianza na vyama viwili vya vijiji na takriban lita 250 kwa siku, pungufu ya mnazopokea nyinyi wakati wa masika. Walianza kwa mitambo mikuukuu ya kukodi ndani ya kiwanda cha serikali. Walichokishughulikia tangu mwanzo kilikuwa ni mapokezi ya asubuhi na jioni karibu na nyumba ya mfugaji, kipimo kinachoonekana na kila mtu, na malipo yasiyochelewa. Kiwanda chao kikubwa cha maziwa ya unga kilifunguliwa mwaka 1955, na sababu yake ilikuwa wazi: wakati wa baridi nyati wao wa kufugwa walikuwa wakitoa maziwa mengi kuliko Bombay ilivyoweza kununua. Kwa hiyo kiwanda kilijengwa kuyameza maziwa yaliyokuwa tayari yanafurika, na nyinyi mafuriko hayo hamjayapata bado.

Sasa niseme kidogo juu ya mali yenyewe, kwa sababu Pemba ni kisiwa cha karafuu na nahisi fikra za karafuu zimeingia kwenye chama cha maziwa. Karafuu iliyokauka vizuri hukaa ghalani ikamsubiri mnunuzi, na mkulima akiona malipo yamechelewa hukasirika lakini mali yake bado ipo. Maziwa yanatoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, na kwa joto hilo vijidudu vilivyomo huweza kuongezeka maradufu kila dakika 20 au 30. Mkamaji mwenye mikono michafu kidogo, au dumu la mafuta ya kupikia lililosuuzwa kwa maji baridi, linatosha kuyaanzisha maziwa kwa idadi kubwa ya vijidudu, na kutoka hapo saa tatu au nne za jua la Pemba zinamaliza kazi. Madumu yale ya plastiki ndiyo adui ninayemlaumu kabla ya kumlaumu mfugaji, kwa kuwa shingo yake haipitishi mkono na mikwaruzo ya ndani haisafishiki. Ndoo za bati lisiloshika kutu zenye mdomo mpana ni ghali, ila ni gharama ya mara moja, na chama kinaweza kuzinunua kwa jumla na kumkata mwanachama kidogo kidogo.

Kupoza ndiko kunakosimamisha saa hiyo. Maziwa yakishushwa hadi nyuzi 4 ndani ya saa mbili tangu kukamwa, vijidudu hulala na nyinyi mnapata siku nzima au zaidi ya kuuza. Si kazi ya umeme mwingi kama watu wanavyodhani: kwa tanki zuri, lita 200 zinahitaji uniti tatu hadi nne hivi. Tatizo la Pemba ni uhakika zaidi kuliko wingi, kwani umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na ukikatika usiku hakuna wa kuusubiri. Kwa hiyo tanki la lita 500 au 600 liende pamoja na jenereta ndogo, au liwe la aina inayotengeneza barafu mchana na kuitumia usiku. Bei ya vyote viwili ni sehemu tu ya mkopo mnaofikiria. Ombeni bei kwa wauzaji watatu, na muulize kabla ya kununua ni nani atakayekuja Wete likiharibika, kwani fundi wa majokofu anayesubiriwa kutoka Dar es Salaam kwa wiki moja atawagharimu zaidi ya punguzo lolote mtakalopewa.

Na hapo ndipo ninapoiona nafasi yenu ya biashara. Kwa ng'ombe anayekamwa mara mbili, maziwa ya jioni huwa karibu na asilimia 40 ya maziwa ya siku. Kama asubuhi mnapokea lita 420, jioni huko majumbani mna lita kama 280 ambazo sehemu yake hunyonywa na ndama, sehemu hunywewa na watoto, na zinazobaki huuzwa kwa bei ya kutupa au kukatika. Mkiipata nusu yake tu, mmeongeza lita 140 bila kumpandisha ng'ombe hata mmoja. Jirani anayelipa 2,000 mkononi anataka lita moja ya chai yake ya asubuhi. Hataki lita tano saa kumi na mbili jioni, na wala hawezi kuyanunua yote masika yakichanganya na kila nyumba ikawa na maziwa. Washindani wenu wa kweli, Katibu, ni usiku na masika, na hao jirani hawezi kumsaidia mfugaji kupambana nao. Chama kinaweza.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kufukuza. Mwanachama anayeuza nje hajawasaliti. Amefanya hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Anachagua 2,000 ya leo badala ya 1,400 ya wiki tatu zijazo, na wakati huo huo mwanawe anahitaji ada na duka la pumba halimkopeshi. Jaribuni kwanza kuondoa zile wiki tatu. Kumlipa kila mwanachama kila wiki, siku maalumu isiyobadilika, mnahitaji fedha ya mzunguko inayotosha wiki mbili za mapokezi ya juu: lita 420 mara shilingi 1,400 mara siku 14, yaani shilingi 8,232,000. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya mkopo wenu. Iwekwe katika akaunti yake peke yake, isitumike kununua mafuta wala kulipia safari ya mwenyekiti, na mikahawa inayonunua kwa mkopo ibanwe ilipe ndani ya wiki moja au ikatiwe. Naamini, kwa niliyoyaona katika vyama vingine, kwamba malipo ya uhakika ya kila Alhamisi huwarudisha watu wengi zaidi kuliko nyongeza ya shilingi 200.

Nyongeza nayo ipo, ila imejificha kwenye maziwa mnayomwaga. Mkinunua lita 100 kwa 1,400 na mkamwaga 10, basi zile 90 zilizobaki zimewagharimu karibu 1,556 kila moja. Shilingi 156 kwa lita zimekwenda mtaroni. Mkipoza vizuri, sehemu kubwa ya fedha hiyo inarudi, na mnaweza kuitoa kwa njia mbili: bei ya wiki ipande kidogo, na kinachobaki mwisho wa mwaka kigawiwe kwa kila mwanachama kulingana na lita alizoleta. Nasisitiza lita, wala si hisa. Mwenye hisa nyingi asiyeleta maziwa akipata gawio sawa na anayeleta kila siku, mmeacha ushirika na kuanzisha kampuni bila ya kujua.

Badala ya kuwataka wanachama walete kila tone, jambo ambalo halitatimia na litawafanya wadanganye, andikianeni makubaliano yanayowezekana: maziwa yote ya jioni yaliyozidi mahitaji ya nyumbani yaje chamani, na asubuhi kila mmoja alete idadi ya lita aliyoahidi, anazobaki nazo amuuzie amtakaye kwa halali. Halafu unganisheni kaskazi na masika kwa kanuni moja. Pimeni wastani wa lita alizoleta kila mwanachama kuanzia Januari hadi Machi, na masika chama kimlipe bei kamili kwa lita zisizozidi mara mbili ya wastani huo, zaidi ya hapo alipwe bei ya chini. Aliyeleta lita tano kila siku wakati wa shida ataleta kumi wakati wa neema kwa bei kamili. Aliyeleta moja atalipwa bei kamili kwa mbili tu. Vyama vya maziwa katika nchi nyingi vimetumia kanuni ya namna hii, na uzuri wake ni kwamba haihitaji kumfukuza wala kumtukana mtu. Ipitisheni katika mkutano mkuu kabla kaskazi haijaanza, maana ikipitishwa baadaye itaonekana imelengwa kwa watu fulani.

Lipo jambo la kalenda ambalo nadhani hamjaliweka kwenye mipango. Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Maana yake ni kwamba mwezi ambao kila nyumba inataka maziwa ya uji, ya tambi na ya mikate ya futari unakutana na miezi ambayo ng'ombe wenu wanatoa kidogo kabisa. Hapo ndipo mwanachama anapojaribiwa zaidi, na hapo ndipo mteja wa taasisi mliyemkosesha wiki moja anapohamia maziwa ya pakiti moja kwa moja. Kwa mwezi huo pandisheni bei ya kununua na ya kuuza waziwazi, mkitangaza mapema. Bei isiyotikisika wakati wa uhaba ni kuwaalika wachuuzi.

Kuinua zile lita 150 ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Anzeni na maji. Ng'ombe wa maziwa huhitaji lita nne hadi tano za maji kwa kila lita anayotoa, na kaskazi, pale maji yanapobebwa kichwani, mara nyingi hupewa ndoo moja asubuhi na nyingine jioni. Hapo hakuna dawa wala pumba itakayoleta maziwa. Baada ya maji ni majani. Majani ya tembo hujaa masika hadi yanakomaa na kuwa vijiti, nayo yangeweza kukatwa machanga, kukatwakatwa, kunyunyiziwa molasi na kushindiliwa ndani ya mapipa au mifuko isiyopitisha hewa ili yawe sileji ya kulishia Januari. Chama kikiwa na mashine moja ya kukatia majani inayozunguka kwa zamu, kimeshafanya zaidi ya semina kumi. Kuna wanaoshauri ng'ombe wapandishwe Februari ili wazae Novemba na kukamwa kaskazi yote. Kwa hesabu ni sawa, mimba ni miezi tisa na siku chache, lakini Februari hiyo hiyo ng'ombe amekonda na joto limemchosha, na mimba hukataa kushika. Jaribuni kwa wachache walio na afya, msiifanye sheria.

Duka la chama la pumba, mashudu na madini nalo linafaa sana, na vyama kama Githunguri cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1961 na kujenga kiwanda chake mwaka 2004, vimewashika wanachama wao kwa huduma za namna hiyo zinazokatwa kwenye malipo ya maziwa. Tazama miaka hiyo miwili ilivyoachana. Ila wekeni kikomo: mwanachama asikopeshwe zaidi ya nusu ya thamani ya maziwa aliyoleta wiki mbili zilizopita, la sivyo atafika siku anadaiwa zaidi ya anacholeta, na siku hiyo ataanza kuuza kwa jirani kwa jina la mkewe.

Kuhusu soko sina mengi. Mshindani wenu kwenye mikahawa ni maziwa ya unga, na bei yake mnaweza kuipima wenyewe: kilo moja hutoa lita saba na nusu hadi nane, kwa hiyo gawanyeni bei ya kilo kwa nane mjue mpika chai anaanzia wapi anapowasikiliza. Kupeleka maziwa mabichi Unguja kila siku kwa boti hakulipi kwa lita zenu. Hoteli ni wateja wazuri lakini hutaka kiasi kile kile kila siku na vibali kamili. Wateja wa kuwafuata sasa ni hospitali, dakhalia za wanafunzi na mikahawa ya Wete na Chake Chake. Mtindi msiuache kabisa: ziada ya masika mnaweza kuipasha moto ndani ya sufuria kubwa hadi nyuzi 85 kwa nusu saa, kuipoza, kutia kimea cha dukani na kuiuza kwa ndoo kwa mikahawa. Kwa gharama hiyo ndogo mtajifunza kama watu wa Wete wanautaka mtindi wenu, na kwa bei gani.

Mtindi huo huo utawafundisha nidhamu ya mapokezi. Ng'ombe mmoja aliyedungwa dawa ya viuavijasumu, maziwa yake yakiingia kwenye tanki, kimea hakifanyi kazi na lita zote hazigandi. Siku za kungoja zimeandikwa kwenye chupa ya dawa na ni lazima ziheshimiwe. Ninapendekeza chama kiwe na mfuko mdogo wa kumfidia sehemu ya maziwa mwanachama anayesema ukweli kwamba ng'ombe wake anatibiwa, kwa sababu anayepoteza kila kitu kwa kusema ukweli hatasema. Mapokezini pawe na kipimo cha uzito wa maziwa (laktomita) kwa ajili ya kugundua maji, ambacho kwa maziwa yasiyotiwa maji, yakiwa na nyuzi 20, husoma kati ya 1.026 na 1.032, pamoja na kipimo cha spiriti kwa maziwa yanayoelekea kuchacha. Mpimaji awe mwajiriwa asiye na ng'ombe. Wewe Katibu ukiwa mpimaji na pia mfugaji, hata ukiwa mwaminifu kama nani, maneno hayatakwisha.

Je, mkopo utafaa lini? Kwa maoni yangu, pale mapokezi ya kaskazi yatakapovuka lita 400 kwa misimu miwili mfululizo, malipo ya kila wiki yasipokosekana kwa mwaka mzima, na mtindi wa sufuria ukawa unaisha kabla haujapikwa mwingine. Hata hapo ombeni mashine za lita 500 na si 1,000. Na kwa kuwa wanachama wengi wataona uzito wa riba, ulizeni benki zenye huduma za Kiislamu kuhusu murabaha, ambapo benki hununua mashine na kuwauzia kwa bei inayojulikana tangu mwanzo. Lakini hesabu ya shilingi 333 haibadiliki kwa kubadilisha jina la mkataba.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi. Kama ng'ombe zaidi ya mmoja wametupa mimba katika shehia zenu, mwiteni daktari wa mifugo wa wilaya kabla ya kupanua mapokezi, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza watu kupitia maziwa mabichi, na mpaka atakapomaliza uchunguzi waambieni wateja wote wachemshe. Kabla ya kuuza mtindi hata wa ndoo, nendeni Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar waje kuliona jengo na maji ya kisima chenu. Na kama mkopeshaji anataka saini karibuni, usitie saini ukiwa na mwenyekiti peke yenu. Mpelekeeni afisa ushirika rasimu ya mkataba pamoja na daftari la mapokezi la miezi 12, orodha ya wanaowadai na mnaowadai, na umwombe aangalie hasa kipengele cha dhamana, kwa sababu katika mikataba ya namna hii kinachowekwa rehani huwa ni kiwanja cha chama, na mara nyingine nyumba za wajumbe wa kamati.